Jakuzi ya nje inakula stima usiku kucha na maji hayapandi: tatizo si hita

Swali kutoka kwa msomaji wa Limuru:

"Fundi, habari za kazi. Nina nyumba ndogo ya wageni huku Limuru, na nimeiongezea jakuzi nje, kwenye jukwaa la mbao. Ni ya faibaglasi, inabeba lita 1,200, upana wake ni mita 2 kwa 2, na hita ni ya kilowati 3. Wageni huja Ijumaa hadi Jumapili. Msimu huu wa baridi naiwasha Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Jioni themometa inasoma nyuzi 33, na Ijumaa alfajiri bado ni 33, ingawa hita haijapumzika hata dakika moja. Wageni wanalalamika maji ni vuguvugu, na mimi nalia na tokeni. Turubai naiweka mvua ikinyesha tu, kwa sababu aliyetufungia jakuzi alisema kifuniko ni cha kuzuia majani. Jumatatu namwaga maji yote. Jirani mmoja ananishauri niiache ikiwaka wiki nzima, eti kuwasha upya ndiko kunakomaliza stima. Mwingine ananiambia ninunue hita ya kilowati 6. Nimsikilize nani?"

Dada, usimsikilize hata mmoja kati ya hao wawili, na hita usinunue. Hiyo uliyo nayo ni nzima. Karibu kila yuniti ya stima inayoingia ndani yake inatoka ikiwa joto, na hakuna hita ya umeme ya aina hiyo inayoweza kufanya zaidi. Ya kilowati 6 itapasha haraka, ndiyo, lakini itakula mara mbili kwa kila saa, na joto litatoroka kupitia mlango ule ule linaotorokea sasa. Maji yako yamekwama nyuzi 33 kwa sababu hapo ndipo joto linaloingia limelingana na joto linalotoka.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyonionyesha ugonjwa kabla sijaiona jakuzi yenyewe. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.19, na yuniti moja ya stima, yaani kilowati moja ikiwaka kwa saa moja, ni kilojuli 3,600. Kwa lita zako 1,200, kila nyuzi moja inataka yuniti 1.4. Maji ya tangi huko kwenu msimu huu tuseme ni nyuzi 15. Kuyafikisha 38 ni nyuzi 23, yaani yuniti 32. Hita ya kilowati 3 ingemaliza kazi hiyo kwa saa 11 hivi. Ukiwasha alfajiri, jioni ungekuwa umefika.

Sasa tazama kilichotokea. Kutoka Alhamisi asubuhi hadi Ijumaa alfajiri hita imefanya kazi saa 24, na hiyo ni yuniti 72. Ndani ya maji zimebaki 25 tu, zile zilizoyatoa nyuzi 15 hadi 33. Yuniti 47 zimepotea kwa siku moja kabla mgeni hajavua viatu. Ukigawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa kwenye tokeni utapata bei yako halisi pamoja na kodi na tozo zake. Mimi nitachukua shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi. Hizo ni shilingi 1,410 zilizopasha moto hewa ya Limuru.

Zimepitia wapi? Karibu zote zimepitia juu, na nyingi zimeondoka na mvuke.

Bila shaka uliwahi kunywa maji ya mtungi. Mtungi wa udongo hutoa jasho, jasho hilo hukauka, na kila tone linalokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi hata adhuhuri. Jakuzi yako isipofunikwa ni mtungi wa mita 2 kwa 2, na wewe unashindana nao kwa hita. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la yuniti 0.67. Joto hilo, likitoka kwenye jakuzi ya lita 1,200, linaishusha yote kwa karibu nusu nyuzi. Lita moja tu! Na kwa upana wa mita 4 za mraba, maji ya nyuzi 33 hadi 38 yakiwa wazi kwenye usiku wa nyuzi 11, hata upepo ukiwa mdogo sana, huondoka lita 2 hadi 4 kila saa. Ule moshi mweupe ambao wageni wanapenda kuupiga picha ni mvuke uliokwisha kupoa ukawa matone madogo. Ni mzuri machoni, na unaulipia.

Mbali na mvuke, uso wa maji unarusha joto moja kwa moja kwenye anga isiyo na mawingu, na hewa baridi inayopita juu yake inabeba jingine. Vyote kwa pamoja, maji yakiwa nyuzi 33 vinafika kama kilowati 3, sawasawa na hita yako. Ukijaribu 38 vinazidi hapo. Kwa hiyo hita ya kilowati 3, jakuzi ikiwa wazi usiku, haitayafikisha maji 38 hata ukiiachia mwezi mzima.

Kifuniko, basi. Aliyekuambia ni cha majani alikosea, na kosa hilo limekugharimu kuliko kitu kingine chochote kwenye jakuzi hiyo. Turubai peke yake ni afadhali kuliko hakuna, kwa kuwa inazuia upepo na mvuke kiasi, lakini ni nyembamba na inaning'inia ikiacha nafasi pembeni. Unachotaka ni tabaka mbili. La kwanza linaelea juu ya maji: plastiki nene yenye vipovu vya hewa, iliyokatwa kwa umbo la jakuzi. Hiyo ndiyo inayoua mvuke, kwa sababu maji hayagusani tena na hewa. Ukinunua, tafuta ile ya mabwawa ya kuogelea inayostahimili jua na klorini. Ile ya kufungia vyombo vya kioo itachanika baada ya wiki chache. La pili ni kifuniko kigumu juu ya ukingo, chenye polistirini, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni mpya kwenye boksi, lakini ya ujenzi, iliyo nzito kidogo. Unene wa sentimita 10. Kwa hesabu tupu, polistirini ya unene huo kwenye mita 4 za mraba hupitisha wati 40 hivi wakati ndani ni 38 na nje ni 13. Hebu linganisha na wati 3,000.

Kwenye maisha halisi hutapata 40, kwa kuwa joto hutafuta ukingo. Kwa hiyo ukingo ndio wa kushughulikiwa: kifuniko kipite nje ya mdomo wa jakuzi pande zote, kiwe na mkanda wa sponji unaobanwa, na kama kinakunjwa katikati, mshono wa katikati uwe na ulimi unaoziba. Ukiona mvuke unachomoza mahali asubuhi yenye baridi, hapo kuna tundu. Fundi seremala mzuri wa hapo hapo Limuru anaweza kukutengenezea kimoja: fremu ya mbao nyepesi, polistirini ndani, na kila kipande kimefungwa kabisa kwa nailoni nene kabla ya kuvikwa ngozi ya nje. Usimruhusu aruke hiyo nailoni. Mvuke ukiingia kwenye polistirini hunaswa humo, na polistirini iliyolowa haizuii tena joto. Dalili yake ni uzito. Kifuniko ambacho mwaka jana ulikiinua peke yako na sasa kinataka watu wawili kimekunywa maji, na hakikaushiki.

Jambo moja ambalo siwezi kulipita. Plastiki inayoelea hubeba jani, haibebi mtoto, na mtoto aliyeingia chini yake haonekani. Kifuniko cha juu lazima kiwe na kufuli, na kifungwe kila jakuzi inapokuwa haina mtu mzima karibu. Una wageni wenye watoto usiowajua tabia zao.

Pembeni na chini ni sehemu ya pili. Faibaglasi ni nyembamba, na chini ya jukwaa lako la mbao upepo unapita kama kwenye korido. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja upande wa Tigoni, kifuniko kilikuwa kizuri na bado maji yalipoa. Nikalala kifudifudi nikachungulia chini ya jukwaa, nikahisi baridi usoni kama nimefungua friji. Tulifunga pande zote nne za jukwaa kwa mbao, tukajaza sufi ya kioo, ile inayofanana na pamba ya kuzuia joto, kuzunguka jakuzi, tukaacha mlango mdogo wa kufikia pampu, na shida ikaisha. Kwako fanya hivyo hivyo. Pampu na kisanduku cha umeme viachie nafasi ya kupumua, visizikwe kwenye sufi. Mabomba yanayokwenda kwenye hita na kurudi yavike zile sponji nyeusi wanazovika mabomba ya viyoyozi. Na upande upepo unakotokea, panda ua wa kayaba au weka ukuta wa mianzi wenye kimo cha mtu aliyeketi. Huo hautasaidia maji yakiwa yamefunikwa, ila utasaidia sana zile saa wageni wako ndani na kifuniko kimeondolewa, na hizo ndizo saa ghali zilizobaki.

Sasa ushauri wa jirani yako wa kwanza, kwa sababu nimeusikia Nanyuki, nimeusikia Naivasha, na wanaousema wanauamini kwa moyo wote. Kwamba kuzima na kuwasha upya kunakula stima zaidi ya kuacha ikiwaka.

Fikiria ndoo iliyotoboka pembeni, karibu na chini. Ikijaa hadi mdomo, maji huchuruzika kwa nguvu. Ikibaki robo, yanadondoka pole pole. Ukiamua kuiweka imejaa wiki nzima utakuwa unaongeza maji bila kukoma. Ukiiacha ishuke, kisha ukaijaza siku unayoitaka, maji utakayoongeza ni machache kuliko hayo. Joto liko vivyo hivyo. Kadiri maji yanavyozidi hewa kwa joto ndivyo yanavyopoteza haraka. Jakuzi inayoachwa ipoe hupoteza joto pungufu kila siku, na lile isilolipoteza huhitaji kulilipia. Kuzima hakujawahi kula zaidi. Kinachobadilika ni ukubwa wa akiba tu.

Kwako, ukishaweka kifuniko na kufunga pande, tuseme jakuzi inapoteza wati 300 ikiwa nyuzi 38. Simo kwenye ndoto: jimbo la California huko Marekani lina kanuni inayoweka kikomo cha stima ambayo jakuzi ya kuhamishika inaruhusiwa kula ikiwa imefunikwa na kungoja, na kwa ya lita 1,200 kikomo hicho ni kama wati 215, hewa ikiwa kama nyuzi 15. Yako haikutoka kiwandani na sufi yake, ndiyo maana nimekupa 300. Ukiishikilia kwenye 38 kutoka Jumapili usiku hadi Ijumaa asubuhi itakula yuniti 32. Ukiizima, Ijumaa asubuhi utaikuta karibu nyuzi 23, na kuirudisha 38 kutakula yuniti 23 hivi. Akiba ni yuniti 9, shilingi 270 kwa wiki. Ni pesa, ingawa si nyingi, na ndiyo maana watu wenye vifuniko vizuri hubishana bila kumalizana. Lakini kwa hali uliyo nayo leo, ya turubai na upepo chini, kuishikilia wiki nzima kungekuwa balaa. Ushauri wa jirani ungekuumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Na ukiwasha, washa mchana. Mita ya nyumbani ya tokeni hutoza usiku na mchana bei ile ile, kwa hiyo hakuna faida ya kupasha usiku, wakati hewa ni baridi zaidi. Ijumaa saa mbili asubuhi, kifuniko kikiwa kimefungwa, na saa kumi na moja jioni wageni wanaingia kwenye 38. Kumbuka pia kwamba tangu Aprili 2023 bei za nyumbani zimegawanywa kwa matumizi: ukizidi wastani wa yuniti 100 kwa mwezi unaingia kwenye daraja la juu, na daraja hilo linatozwa kwenye stima yote ya nyumba, hata ya taa. Jakuzi yako imekuweka huko peke yake.

Hesabu ya wikendi nzima iko hivi. Sasa unawasha Alhamisi alfajiri hadi Jumapili usiku, kama saa 84, hita haipumziki: yuniti 252, zaidi ya shilingi 7,500. Baada ya matengenezo: yuniti 23 za kupasha, 18 za kuishikilia ikiwa imefunikwa, na tuseme 36 za zile saa 3 kila usiku ambazo wageni wako ndani na kifuniko kiko wazi. Jumla 77. Shilingi 2,300 na kitu. Huwezi kuzipunguza sana hizo 36, maana hiyo ndiyo huduma unayouza, ila waambie wageni wazime valvu ya hewa wasipoihitaji. Mapovu yale ni hewa ya nyuzi 11 inayosukumwa ndani ya maji na kutoka ikiwa imebeba mvuke. Kidhibiti kiweke 38. Wakitaka sana, 39. Kikomo cha usalama ni 40, na mama mjamzito au mtu wa moyo aulize daktari kabla ya kuingia.

Kuhusu kumwaga kila Jumatatu. Naelewa kwa nini unafanya, na nia ni njema, lakini unamwaga lita 1,200 pamoja na joto ambalo lingekusaidia Ijumaa. Kuanzia nyuzi 23 badala ya 15 ni yuniti 11 kila wiki. Mafundi wa majakuzi wana kipimo chao: gawanya lita kwa 12, kisha gawanya kwa wastani wa waogaji kwa siku, upate siku za kukaa na maji. Wageni 4 kwa siku 3 za wiki hukupa karibu siku 58. Kwa kuwa wewe unapokea watu tofauti kila wiki, ningemwaga kila mwezi. Sharti ni moja, na hapa nakusihi usibane matumizi: klorini isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 7.0 na 7.8, upime kwa vile vijikaratasi kabla ya kila kundi, na pampu ya chujio izungushe maji saa chache kila siku hata hita ikiwa imezimwa. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 45. Jakuzi inayopoa taratibu chini ya kifuniko kizuri inakaa humo siku nyingi. Chujio kwenye mwendo wa chini hula stima kidogo. Ukishindwa kusimamia klorini, basi endelea kumwaga.

Na usiruhusu mtu yeyote akusaidie kwa ile koili ya kuzamisha ndooni. Nimeona ikipendekezwa. Jakuzi na koili hiyo ni kifo. Hita iwe na kikata umeme kinachoshtuka stima ikivuja, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi.

Ukishamaliza kifuniko na pande, ndipo tutazungumza kuhusu chanzo kingine cha joto. Jua la sahani za juu ya paa linakufaa zaidi ya unavyodhani, kwa kuwa una siku tano za kukusanya, ila Julai ya Limuru ina ukungu, kwa hiyo chagua mirija ya vioo kuliko sahani bapa na usitegemee jua peke yake. Pampu ya joto, inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, huchukua joto la hewa na kwa yuniti moja ya stima inaweza kuingiza yuniti 3 hadi 4 kwenye maji. Hii ndiyo ningeinunua mimi, ukishapata wageni hata katikati ya wiki. Jiko la kuni lenye koili ya maji nalo linawezekana. Kilo moja ya kuni kavu za muwati ina yuniti 4 hivi, na nusu yake ikifika majini, kilo 12 zinatosha kwa Ijumaa moja, ukimpata mtu wa kulilinda moto na wageni wasiochukia moshi.

Lakini yote hayo yakiwekwa kwenye jakuzi iliyo wazi, yatapasha moto anga ile ile. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo hili siku mbili mfululizo ambazo huna wageni. Bandika rula ndani ya jakuzi kwa gundi isiyoyeyuka, andika kiwango cha maji saa mbili usiku, pampu ikiwa imetulia. Iache wazi. Andika tena saa mbili asubuhi. Kesho yake rudia, safari hii ukiwa umelaza plastiki yoyote nzito juu ya maji, ukingo hadi ukingo. Kwa upana wako, kila milimita moja iliyoshuka ni lita 4, na lita hizo 4 zimeondoka na yuniti 2.7. Niandikie namba zote mbili pamoja na jotoridi la asubuhi, nami nitakuchorea kifuniko chenye vipimo umpelekee seremala.